Lugha Mbili, Ujira Mmoja

Kilwa haikuanza jana kuzoeana na wageni. Ibn Battuta alipofika kisiwani mwaka 1331, mji huo ulikwisha kutajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, na bandari yake ilikwisha kusikia lugha nyingi. Kwa mwenyeji wa pwani hii, kujua lugha mbili si ajabu: Kimatumbi au Kimwera nyumbani, Kiswahili sokoni. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, afikapo leo kuomba kazi Kilwa Masoko, aweza kuhesabiwa kuwa hana lugha, kwa kuwa katika hizo mbili Kiingereza hakimo.

Wapo waitetea hali hiyo. Husema Kiingereza ni lugha ya mtaji. Kwamba gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, haikuchimbwa kwa Kiswahili. Na kwamba bandari ya uvuvi, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 2023, itavuta wageni zaidi. Hoja hiyo ina chembe ya kweli. Anayeongoza meli za kigeni kuingia bandarini hana budi kukijua Kiingereza. Lakini mpishi je? Mlinzi je? Mchomeleaji je? Sharti lisilotokana na kazi yenyewe ni chekeche la kuwachuja watu.

Husemwa pia kuwa lugha moja kazini huleta usalama. Usalama wa nani, ikiwa onyo la hatari halisomeki kwa yule aliye karibu zaidi na hatari? Na kuwakataza vibarua wasizungumze Kimwera wakati wa kula kunamkinga nani na ajali gani?

Sheria haikunyamaza kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ahakikishe kuwa mwajiriwa asiyeelewa masharti yaliyoandikwa anaelezwa kwa namna anayoielewa. Lakini kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi, kinataja kabila, rangi, dini, jinsia na mahali atokako mtu, lugha hakikuitaja. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Hivyo mfanyakazi aweza kudai haki yake kwa Kiswahili, juu ya mkataba aliotia saini kwa Kiingereza bila kuuelewa. Haki ya namna hiyo humfikia akiwa amekwisha kuumia.

Yupo na mwingine asiyesemewa: kijana ajuaye Kiswahili na Kiingereza, anayeitwa kutoka kazini mwake kila msimamizi mgeni atakapo kusema na vibarua. Hufasiri amri, lawama na hata barua za kufukuzwa wenzake, kisha hurudi kumaliza kazi yake kwa ujira ule ule. Tafsiri ni kazi, na kazi hulipwa.

Basi mikataba iandikwe kwa Kiswahili pia, mwajiri atakaye Kiingereza aeleze kazi gani inakihitaji, mfasiri alipwe, na neno “lugha” liingizwe katika kifungu cha 7. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji awe bubu kwao.