TUHESABU MAGUNIA, TUSIHESABU EKA



Mkutano mkuu unakaribia, na neno linalozungumzwa kila kilabuni ni moja: tufyeke kinamasi chote kilichobaki, tupande mpunga. Tahariri hii inasema: tusikimbilie.

Kwanza tujue ardhi yetu. Hapa Buhaya ardhi njema ni kibanja, maana kimelishwa samadi na majani miaka na miaka. Rweya ni hafifu, mvua imeosha rutuba yake. Bondeni nako maji yanasimama, na pengine yana wekundu kama kutu. Hiyo ni chuma ya udongoni. Mpunga ukikaa humo majani hugeuka kahawia na suke huwa jepesi. Mwenye eka tatu za namna hiyo amepata nini? Amepata maumivu ya mgongo tu!

Ufanisi si ukubwa wa shamba. Ni magunia mangapi kwa eka, kwa siku ngapi za jembe, kwa mbegu kiasi gani. Anayemwaga mbegu hutumia kilo 30 na zaidi kwa eka. Kilimo shadidi, kilichoanzia Madagaska mwaka 1983, hupanda mche mmoja mmoja wa siku 8 hadi 12, sentimita 25 kwa 25, na mbegu haizidi kilo 4 kwa eka. Lakini mche huo mdogo huzama kama maji hayaongozwi. Basi kazi ya kwanza ni kusawazisha majaruba, kuinua kingo, na kuchimba mfereji wa kuingiza maji na wa kuyatoa. Maji yakitolewa kwa zamu, hata ile kutu hupungua.

Pili, kinamasi ndicho tangi letu. Hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi. Tukikikausha chote, mpunga wenyewe utakosa maji. Tena Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mto au ziwa.

Tatu, tuseme kweli. Bonde lilipokuwa la magimbi waliachiwa akina mama. Leo mpunga una bei, wanaume wanapita na kamba kupima mipaka. Palizi ni ya nani? Kuamia ndege ni kwa nani? Kwa mama, na mtoto anayetolewa shule. Jamani, hiyo nayo ni gharama, iandikwe.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa mkutano:

1. Kinamasi kisichofyekwa kibaki.
2. Majaruba yaliyopo yasawazishwe kwa kazi ya pamoja kabla ya mvua za Machi.
3. Akina mama wanaolima bondeni waandikwe kwa majina yao wenyewe.
4. Kila jaruba liwe na ukurasa wake: mbegu, siku za kazi, magunia.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tulikwenda kisomo ili tuandike, basi tuandike.

Katibu wa Chama, Tawi