Bwawa ni la nani siku ukuta unapobomoka?

Wakaaji wa bondeni wakimuuliza mwenye bwawa la kujifurahisha kuhusu ukuta wake wa udongo, anaweza kuwajibu: shamba ni langu, bwawa ni langu. Kwa samaki na mitumbwi ni kweli. Kwa maji si kweli, maana maji hayajui mpaka wa shamba.

Wakaaji wa Kalehe hawahitaji kuelezwa nguvu ya maji. Mei 4, 2023, mito ilifurika juu ya Bushushu na Nyamukubi na watu zaidi ya 400 wakafa. Pale ilikuwa mvua na milima. Lakini mahali mtu amejenga ukuta na kufunga maji nyuma yake, hatari imetengenezwa kwa mkono, na mkono huo una mwenyewe.

Kisa kinachojulikana sana ni cha South Fork, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Bwawa lilijengwa na serikali ya jimbo ili kulisha mfereji wa mashua. Reli ilipoua kazi ya mfereji, bwawa likauzwa, likauzwa tena. Mmoja wa wanunuzi aling'oa mabomba ya chuma yaliyokuwa chini ya ukuta kwa kupunguzia maji. Mwaka 1879 likaingia mikononi mwa klabu ya matajiri wapenda uvuvi. Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa wanachama. Klabu ilishusha kilele cha ukuta ili magari ya farasi yapite, ikaweka wavu kwenye mlango wa maji ya ziada ili samaki wasitoroke. Mabomba haikuyarudisha. Kampuni ya chuma ya Johnstown, mji ulio bondeni, ilimtuma injinia wake, naye akaonya. Klabu ikajibu kwamba hakuna hatari.

Mei 31, 1889, baada ya mvua kubwa, wavu uliziba kwa takataka, maji yakapita juu ya ukuta na kuukata. Watu 2,209 walikufa. Hakuna mahakama iliyoilazimisha klabu kulipa.

Klabu pale ilinunua raha, haikukubali kununua hatari. Na bado huko Uingereza, tangu 1868, katika kesi ya Rylands na Fletcher, mahakama ilikuwa imesema kwamba anayekusanya maji kwenye ardhi yake kwa faida yake, yakitoroka na kuharibu vya jirani, analipa, hata kama hakuzembea. Hiyo ndiyo haki.

Kwa Congo jambo ni wazi zaidi. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni mali ya serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia tu. Basi kiongozi wa mahali hawezi kunyamaza akisema bwawa ni mambo ya mtu binafsi.

Familia zilizokimbia vita ndizo zinazoweza kuumia kwanza, kwa kuwa uwanja mtupu wa bondeni ndio unaopatikana haraka. Kabla ya kuwapanga pale, mtu apande juu akatazame. Je, chini ya ukuta kunatoka maji yenye matope? Kuna miti mikubwa au mashimo ya wanyama juu yake? Jina la mwenye bwawa linajulikana na wakaaji wa chini, na usiku wa mvua nani atawaamsha? Na wavu wa samaki kwenye mlango wa maji uondolewe kabla ya mvua za Septemba.