Mika: Haka, disko na wanja

KILA nyumba ya mjini yenye televisheni imewahi kuiona haka. Timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, hujipanga katikati ya uwanja kabla ya kipenga, wachezaji wakajipiga mapaja, wakakodoa macho na kutoa ndimi, na watoto sebuleni wakawaiga mpaka bilauri zikavunjika. Ndiyo maana wengi wetu huamini kwamba haka ni mambo ya madume wenye shingo nene. La hasha! Miongoni mwa Wamaori, wenye ngoma hiyo, kuna haka ambazo wanawake hucheza pia. Na kuna msanii mmoja ambaye kwa zaidi ya miaka 30 ameichanganya haka na disko, akapaka wanja, akavaa manyoya, na kukataa kata kata kuambiwa asimame upande wa wanaume au wa wanawake.

Huyo ndiye Mika. Msomaji asimchanganye na Mika mwingine, yule mzaliwa wa Beirut aliyevuma kutoka Uingereza mwaka wa 2007. Huyu wetu alizaliwa mwaka wa 1962 na kukulia Timaru, mji wa bandari katika Kisiwa cha Kusini, ambako Wamaori ni wachache kuliko Kisiwa cha Kaskazini. Alikuwa mtoto wa kupanga, yaani aliyelelewa na jamaa isiyomzaa, na jina alilokua nalo lilikuwa Neil Gudsell.

Hapo kwenye kupangwa pana kisa kizito. Tangu jadi Wamaori walikuwa na desturi yao ya kumpa ndugu mtoto amlee. Mtoto aliwajua wazazi wake, akajua na sababu ya kuishi kwingine. Nasi tunao watoto tele waliolelewa na nyanya kule mashambani, na hakuna aliyeona siri ndani yake. Lakini sheria ya New Zealand ya mwaka wa 1955 ilifuata njia nyingine. Mtoto akishapangwa, cheti kipya kiliandikwa kana kwamba wazazi wapya ndio waliomzaa, na faili ya zamani ikafungwa. Kwa Mmaori, ambaye hujitambulisha kwa kutaja mlima wake, mto wake na mababu zake kizazi baada ya kizazi, hilo lilikuwa kama kung'olewa mzizi. Ni sheria ya mwaka wa 1985 ndiyo iliyowaruhusu watu wazima waliopangwa kutafuta majina ya waliowazaa. Ukimwona Mika jukwaani akipaza sauti kwa Kimaori, kumbuka kwamba kwa watoto wengi wa kizazi chake lugha hiyo haikuwa urithi wa mezani. Ilibidi waitafute.

Bahati ni kwamba ujana wake uliangukia wakati ambapo muziki wa Kimaori ulikuwa umeanza kuota mbawa. Mwaka wa 1982 kiwanda cha nyama katika mji mdogo wa Patea kilifungwa, na watu wakabaki bila kazi. Mwanamuziki Dalvanius Prime alishirikiana na mtunzi Ngoi Pewhairangi wakatoa wimbo uitwao "Poi E", ulioimbwa na kikundi cha Wamaori wa mji huo huo. Kampuni za santuri zilimfungia mlango, ati nani atanunua wimbo wa Kimaori? Prime akautoa chini ya lebo yake mwenyewe. Mwaka wa 1984 "Poi E" ulikaa kileleni kwa majuma manne nchini New Zealand, huku vijana wakiucheza kwa mtindo wa bureki. Wale waliokuwa wamekataa nadhani hawakulala vizuri mwaka huo.

Kulikuwa na kizuizi kingine. New Zealand ilikuwa imerithi sheria za Waingereza zilizofanya mapenzi baina ya wanaume kuwa kosa la jinai. Mbunge Fran Wilde alipopeleka mswada wa kuzifuta, wapinzani walidai wamekusanya sahihi zaidi ya 800,000, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni tatu na kitu. Mswada ulipita Julai 1986 kwa kura 49 dhidi ya 44. Kura tano tu! Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Mika alichomoka na kibao alichokiita "I Have Loved Me a Man". Wimbo wenyewe si wake. Mwimbaji wa kike, Allison Durbin, ndiye aliyeuvumisha mwaka wa 1968, akisimulia mapenzi yake kwa mwanamume. Mika hakuhitaji kuandika waraka wala kuitisha mkutano wa wanahabari. Alichukua wimbo ambao kila mama wa New Zealand aliujua, akauimba yeye, na ujumbe ukafika.

Najua kuna mzazi anayesoma huku akigeuza ukurasa haraka kabla kijana wake hajauona. Asigeuze. Mtoto asiyefanana na wenzake, anayecheza michezo isiyo ya "upande wake", hayuko New Zealand peke yake. Tofauti ni anaambiwa nini nyumbani, na kama kuna mtu mzima wa kumtazama akajua kwamba inawezekana kuzeeka.

Mika alikuwa naye mtu huyo, Carmen Rupe. Carmen alizaliwa mwaka wa 1936 Taumarunui, akalelewa kama mvulana, kisha akaishi maisha yake kama mwanamke. Jina alilichukua kutokana na sinema "Carmen Jones". Alicheza ngoma na nyoka katika vilabu vya Sydney, kisha akarudi Wellington kufungua mkahawa ambako inasimuliwa kwamba mteja alieleza haja yake kwa jinsi alivyoweka kikombe kwenye sahani. Mwaka wa 1975 alisema kwenye televisheni kwamba hata bungeni wamo wanaopenda wenzao wa jinsia moja. Robert Muldoon, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, akahakikisha ameitwa mbele ya kamati ya bunge. Miaka miwili baadaye Carmen aligombea umeya wa Wellington. Hakushinda, lakini jiji zima lilimjua.

Sasa lile neno. Watu kama Mika hujiita takatapui. Wamaori wana kisa chao kikuu cha mapenzi, cha binti Hinemoa aliyeogelea usiku hadi kisiwa cha Mokoia, ziwani Rotorua, akifuata sauti ya filimbi ya Tutanekai. Watoto hufundishwa kisa hicho shuleni. Ila katika maandishi ya zamani kuna pia Tiki, rafiki mpenzi wa Tutanekai, ambaye aliachwa na simanzi baada ya ndoa, na neno lililotumika kwake ni hilo la takatapui. Maana yake ni mwandani wa jinsia moja. Leo limepanuka kuwakumbatia pia wasiojifunga katika jinsia moja. Kwa hivyo anayesema haya yaliletwa na meli za Wazungu ana kazi ya kueleza. Magazeti ya Kiingereza hubabaika yamwite Mika "he" au "she". Kimaori husema "ia" kwa wote, nasi tuna "yeye". Tumeepushwa na maumivu hayo ya kichwa.

Katika uigizaji alionekana, kwa jina la Gudsell, kwenye "The Piano", filamu ya Jane Campion iliyoshinda tuzo kuu ya Cannes mwaka wa 1993. Baadaye alivuka bahari mara kadhaa kutumbuiza kwenye tamasha la Edinburgh, Scotland, akiwa na vijana wa Kimaori na wa visiwa vya Pasifiki. Wapo wanaonung'unika kwamba huko ni kuuza mila kwa pesa. Mimi nashangaa, maana ngoma za Wamaori zimekuwa zikichezewa watalii Rotorua tangu karne ya 19, na hakuna aliyelalamika mpaka wanja ulipoingia.

Carmen alifariki Sydney mwaka wa 2011. Tangu mwaka wa 2016, taa za kuvukia katika mtaa wa Cuba, Wellington, zina umbo lake badala ya yule mtu wa kijani wa kawaida. Kitabu juu ya maisha ya Mika, kilichoandikwa na msomi Sharon Mazer, kilitoka mwaka wa 2018 kikibeba jina la wimbo ule ule wa Durbin. Na mwaka wa 2020 Mika alitoa filamu fupi, "GURL", na aliyesimuliwa humo ni Carmen.