Nyota Mmoja, Pointi Moja

Leo naongea na vijana wenzangu, na pia na nyinyi ndugu zetu wa mashirika mnaotusoma.

Wengi mnamjua Angella Okutoyi, yule dada aliyelelewa na bibi yake Nairobi. Mwaka 2022 alishinda taji la Wimbledon la wasichana, wawili wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Baadaye akaenda Marekani kusoma na kuchezea Chuo Kikuu cha Auburn, kule Alabama. Tukisikia hivyo tunasema, "Hiyo timu imepata bahati, sasa ni kushinda tu." Hata mimi nilisema hivyo, mpaka nikaelewa hesabu yao.

Tenisi ya vyuo huko ni pointi 7. Sita zinatoka kwa wachezaji sita, kila mtu na mpinzani wake. Moja ni ya wawili wawili: zinachezwa mechi tatu, timu itakayoshinda mbili ndiyo inaipata. Ukifika pointi 4 umeshinda. Kwa hiyo nyota, hata amchape mpinzani wake namna gani, akicheza peke yake analeta pointi moja tu. Msichana wa namba sita, ambaye hakuna anayempiga picha, akishinda naye analeta moja. Ileile.

Basi nyota anasaidia nini? Wachezaji hupangwa kwa uwezo, mkali zaidi ndiye namba moja. Akija mkali mpya, aliyekuwa wa kwanza anakuwa wa pili, wa pili anakuwa wa tatu, hivyo hivyo mpaka chini. Kila mmoja sasa anakutana na mpinzani mwepesi kidogo kuliko jana. Yaani faida ya nyota inaonekana kwenye viwanja ambavyo yeye hayupo. Halafu kuna mazoezi: ukizoea kurudisha mpira mzito kila siku, siku ya mechi mpira wa kawaida haukutishi. (Kweli, aliyekuwa wa sita anarudi benchi. Huyo naye ana roho. Mimi nimekaa benchi, najua.)

Sasa hapa kambini. Timu yetu ya voliboli ilikuwa na dada mmoja mkali sana. Shirika moja likamwona, likamnunulia viatu, likampiga picha, likamtafutia shule mbali. Tulifurahi, nawaambia ukweli, wengine walilia. Lakini hakuna aliyeuliza nani alikuwa anamwinulia ile mipira aliyoipiga. Baada ya miezi miwili hatukuwa na timu.

Sisemi mwenye kipaji abaki. Aende! Ila kabla hajaondoka apewe wiki chache awafundishe wenzake ile namna yake ya kuruka na kupiga. Na pesa za viatu ziwafikie na wale watano wengine.

Wavu bado upo, umekunjwa kwa kocha. Tumebaki wanne. Jioni tunasimama duara tunarushiana mpira mpaka giza liingie.