Moyo wa Askari Nao Hutibiwa

Kikosi kirudipo kutoka Somalia, desturi ya kambini yajulikana. Askari hupanga mstari, bunduki huhesabiwa, risasi zilizosalia hurudishwa ghalani, na daktari huwaangalia wenye homa na wenye majeraha. Kisha likizo hutolewa. Nyumbani kuku amekwisha kuchinjwa, watoto wanangoja njiani. Hatuna neno baya juu ya utaratibu huo. Twauliza tu: katika ukaguzi wote huo, ni nani aliyemwuliza askari kama apata usingizi?

Majeshi ya Uganda yaliingia Mogadishu mwezi wa Machi 2007. Tangu siku hiyo maelfu ya vijana wetu wamekwenda huko na kurudi, na wako waliokwenda mara ya pili na ya tatu. Tarehe 26 Mei 2023 kambi yao ya Buulo Mareer ilishambuliwa, na Rais Museveni akalitangazia taifa kwamba askari wetu 54 wameuawa. Hao walililiwa kwa heshima waliyostahili. Lakini wako walionusurika, waliowaona wenzao wakianguka, nao leo wanaishi katikati yetu. Wako pia ndugu zetu polisi. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, mabomu yalipoua watu zaidi ya 70 katika Kyadondo na Kabalagala, wao ndio walioitwa kwenda kuyatazama yale ambayo sisi wengine tuliyasoma gazetini.

Aliyejeruhiwa moyoni hafungwi bandeji. Usiku hushtuka akipiga kelele. Mlango ukibamizwa, hujitupa chini. Hukaa kilabuni tangu mchana, na arudipo nyumbani hakasirishwi na jambo kubwa, bali na chumvi iliyozidi mchuzini, hata mkono ukainuka juu ya mke ambaye alimwombea miezi yote ile. Majirani husema amelogwa. Wenzake humcheka. Naye akiulizwa na mkubwa wake hujibu, “Niko sawa, afande.” Jibu hilo twalijua sana, na hatulikubali.

Yafaa kukumbuka wengine walivyokosea. Katika vita vya 1914 hadi 1918, Uingereza iliwapiga risasi askari wake 306, pamoja na wa makoloni yake, kwa makosa kama utoro na woga. Baadhi yao walikuwa wagonjwa, akili zao zimevurugwa na mizinga. Mwaka 2006 ndipo Bunge la nchi hiyo lilipowasamehe, ambapo hata wajane wao walikuwa wamekwisha kufa. Madaktari wa akili wa Marekani nao waliuandika rasmi ugonjwa huu katika kitabu chao mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam.

Wala tusidhani kwamba elimu hii yote imetoka ng'ambo. Kwa Waacholi, mtu aliyekaa mbali na kwao kwa muda mrefu haingii nyumbani kama atokaye sokoni. Huwekewa yai bichi pamoja na kijiti cha mti wa opobo, naye hulikanyaga mbele ya jamaa zake kabla ya kuvuka. Vita vya Kony vilipowarudisha vijana waliokuwa wametekwa, wazee waliwapokea wengi wao kwa desturi hiyo. Hatusemi yai latosha. Daktari wa Butabika hatalikataa, ila atataka kumwona mgonjwa pia. Lakini wazee hao walifahamu jambo ambalo kambi zetu hulisahau: safari ya kurudi haiishi pale lori linaposimama.

Dawa ipo. Kuzungumza na mganga aliyesomea kazi hiyo, siku hata siku, mpaka lile lililofichwa litajike. Dawa za hospitali pale zinapohitajika. Na kuachana na waragi, maana pombe humlaza mtu upesi na kumharibia usingizi wenyewe. Walio wengi hupata nafuu. Tena wako wanaopata zaidi ya nafuu. Mwaka 1996 wataalamu wawili wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walichapisha kipimo cha mabadiliko mema wanayoyasimulia watu waliopatwa na misiba: kuwathamini zaidi jamaa, kujua nguvu zao, kuyaona maisha kwa macho mapya. Tusilifahamu vibaya jambo hilo. Vita si mwalimu mwema, na hakuna askari anayeweza kuamrishwa kukomaa kama anavyoamrishwa kugeuka kulia. Mabadiliko hayo hutokana na kupambana na maumivu, na pengine maumivu hubaki palepale.

Ugumu ulipo twaujua. Askari huficha si kwa ubishi tu. Huogopa kwamba akiandikwa mgonjwa wa akili atakosa safari nyingine, na posho ya safari ndiyo karo ya watoto na mabati ya nyumba. Hofu hiyo si ya kipuuzi, na makamanda wasiikemee kana kwamba ni ya kipuuzi. Anayesema amelemewa apokewe bunduki yake kwa upole, kwani silaha karibu na mtu aliyekata tamaa ni hatari kwake kwanza, kisha kwa jamaa zake. Apelekwe kwa daktari bila kupunguziwa cheo. Akipona, jina lake lirudi katika orodha kama la mtu aliyepona malaria.

Basi kikosi kijacho kitakaporudi, karatasi ya ukaguzi na iongezwe mstari mmoja: Walala? Na wa kwanza kuulizwa awe kamanda mwenyewe, mbele ya vijana wake.