Delivari ya saa nne usiku ina faida kwa nani?

Wapambanaji wenzangu, leo tuambiane ukweli.

Kuna kipindi kila posti yangu ilikuwa na maneno haya: "Tunaleta popote Dar, hata saa nne usiku." Nikajiona mjanja kweli. Siku moja mteja wa Mbezi, kule ndani ndani, akaagiza mashuka usiku. Nikampa boda wangu wa siku zote. Kwenye uchochoro usio na taa vijana watatu wakamsimamisha. Mzigo ukaenda, simu ikaenda, na mkono wakamuumiza. Wiki tatu hakuingia barabarani, na ana familia. Faida yangu kwenye yale mashuka ilikuwa elfu kumi na mbili.

Tangu hapo nasema wazi: usalama wa mtaa ni sehemu ya biashara yetu. Sisi hatuna fremu wala mlinzi. Duka letu ni barabara, boda na geti la mteja. Mtaa ukiwa giza, duka letu liko gizani.

Sasa hivi nafanya hivi:

✅ Mzigo wa mwisho unatoka saa kumi jioni. Dar jua huwa limeshazama kabla ya saa moja, mwaka mzima.
✅ Mteja akitaka usiku, tunakutana penye taa na watu: kituo cha mwendokasi au sheli.
✅ Akishika mzigo, analipa kwa simu. Boda wangu hatembei na keshi.
✅ Boda wangu wote wanajua namba ya dharura, 112.

Utaniambia, "Utapoteza wateja." Ni kweli, wachache waliondoka. Wengi walielewa, maana hata wao hawapendi kutoka getini usiku.

Lakini tusiishie hapo. Mwaka 2015 nchi za Umoja wa Mataifa, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana miji iwe salama na isimwache mtu nyuma. Maneno mazuri, ila taa ya uchochoro wako haitaletwa na maneno. Machinga anasikika kwa sababu anaonekana. Sisi wa mtandaoni mwenyekiti wa mtaa hata hajui kama tupo! Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Simama, sema unafanya biashara hapo, taja uchochoro wenye giza kwa jina.

Mteja wa usiku akikosa mzigo leo, kesho ataupata. Boda akiumia, utamwambia nini mke wake?

Wewe mzigo wako wa mwisho unatoka saa ngapi?