BARAZA YA MWALIMU: "Bibi, Siku Ile Ulikuwa Wapi?"



Wapenzi wasomaji wa nchi hizi za ugeni, naomba radhi kwamba mada ya kuwasomesha watoto Kiswahili nyumbani, niliyoiahidi mwezi uliopita, nimeiahirisha. Sababu ni mjukuu wangu wa kike mwenye umri wa miaka 13. Alirudi kutoka skuli na kazi ya nyumbani: amwulize mtu mzima wa ukoo wake namna alivyokulia. Akaketi mbele yangu na daftari lake, akaniuliza: "Bibi, siku ya mapinduzi ulikuwa wapi?"

Nilinyamaza. Mimi niliyesomesha zaidi ya miaka 30 nilikosa jawabu la kumpa mtoto. Nikatambua pia kwamba hata mama yake, binti yangu niliyemzaa, sijapata kumsimulia. Niliyomwambia mjukuu wangu usiku ule ndiyo ninayowaandikia leo.

Nilikuwa na umri wa miaka sita. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na serikali ile haikutimiza hata wiki tano. Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 12 Januari 1964, tuliamshwa na milio ya bunduki. Tulikaa Malindi, na kituo cha polisi cha hapo kilikuwa miongoni mwa vilivyochelewa kuanguka. Mama alitukusanya wanawe wanne chumba cha ndani, nyuma ya magunia ya mchele, akatuamrisha tusome Qul huwallahu kimoyomoyo. Zilibaki siku chache kuingia Ramadhani, na tende za futari zilikuwa zimekwisha nunuliwa. Kutoka redio ya Raha Leo tukaisikia sauti ya John Okello, yenye amri na vitisho. Sikuyafahamu maneno yake, lakini niliuona uso wa mama akiyasikiliza.

Baba alichukuliwa siku ya nne. Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, na mpaka alipofariki hakusema aliyoyaona. Watu wengi waliuawa siku zile, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, na hesabu yao inabishaniwa hadi leo. Nyumbani kwetu ilikuwa marufuku kuulizana.

Lakini nikimsimulia mtoto hayo peke yake nitakuwa nimemdanganya. Tarehe 23 Septemba 1964 serikali ilitangaza elimu bila ya malipo. Nilipoendelea na masomo nilikalishwa dawati moja na msichana wa Ng'ambo, mtoto wa mchukuzi wa bandarini. Aliniambia wazi kwamba kabla ya hapo baba yake alikuwa na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja tu, naye angekuwa kaka yake. Alikuwa hodari wa hesabu kunishinda. Mapinduzi yale yaliyomnyamazisha baba yangu ndiyo yaliyomfungulia yeye mlango wa skuli. Tulikula muhogo wetu pamoja wakati wa mapumziko, wala hatukulizungumza jambo hilo hata siku moja.

Mwaka 1970 nilikuwa na miaka 12, na dada yangu mkubwa 17. Mwezi wa Septemba mwaka ule wasichana wanne wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali. Khabari zilienea mji mzima kwa minong'ono. Kila mzazi mwenye binti aliyekwisha vunja ungo akaanza kukosa usingizi. Kusafiri kulihitaji ruhusa, na ruhusa haikupatikana. Usiku mmoja nilimwona mama akimfunga dada yangu kanga tatu, moja juu ya nyengine, akamtia mkononi mkufu wake wa harusi. Asubuhi kitanda chake kilikuwa kitupu. Tuliambiwa: "Mtu akiuliza, semeni amekwenda shamba kwa bibi yenu." Jahazi lilimfikisha Mombasa salama, alhamdulillah, lakini hatukuonana tena mpaka mwaka 1985.

Mwenzangu wa dawati aliniuliza dada yangu yuko wapi. Nikamjibu, "Shamba." Alinitazama kwa muda, kisha akanisogezea daftari lake nikopi hesabu. Nilijua kwamba amejua. Wazazi wenzangu, nadhani hivyo ndivyo msichana anavyokua katika zama kama zile. Kabla hajajifunza kupika wala kushona, hujifunza kuchunga ulimi wake hata mbele ya rafiki anayempenda.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 tukawa wasichana wa foleni. Mchele, unga na sukari vilikuwa kwa mgao, na sisi ndio tuliotumwa baada ya sala ya alfajiri kushika nafasi. Watoto wa Malindi na wa Ng'ambo tulisimama mstari mmoja na vikapu vyetu, na mara nyingi tulirudi navyo vitupu.

Kisha vikaja vita. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vijana wetu wa Visiwani wakaenda mstari wa mbele pamoja na wenzao wa Bara. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Watu walishangilia barabarani, lakini kaka wa mwenzangu wa dawati hakurudi. Ndiye yule ambaye angesomeshwa peke yake. Alizikwa huko huko Kagera, mbali na mama yake.

Mama yangu alipopata khabari alivaa buibui lake, akachukua msahafu, akaniambia, "Twende hitimani." Nilistaajabu, kwani hakuwa amekanyaga upande ule wa mji tangu 1964. Aliketi jamvini pamoja na wanawake wa Ng'ambo, akasoma juzuu mbili kwa ajili ya marehemu. Walipobaki wachache, mama wa rafiki yangu alimshika mkono akamwambia: "Mwenzangu, usiku ule risasi za mwanzo zililia Ziwani, nyuma ya nyumba yangu. Na mimi niliwaficha wanangu uvunguni." Mama yangu akamjibu, "Wangu niliwaficha nyuma ya magunia." Wakalia. Muda wa miaka 15 kila mmoja alidhani kwamba khofu ya usiku ule ilikuwa ya nyumba yake peke yake.

Mjukuu wangu aliandika kurasa nne. Alipomaliza aliniuliza, "Kwa nini hukumwambia mama?" Nikamwambia ukweli: nilidhani ninamkinga. Usiku ule ule tulimpigia simu mama yake, aliyekuwa kazini zamu ya usiku, na nikaanza kumsimulia upya. Alisema kwamba tangu utotoni alijua kuna jambo, na alidhani ni aibu fulani ya ukoo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nina ombi. Wengi wetu humu tulikuwa watoto siku zile, na waliokuwa watu wazima wanatutoka mmoja mmoja. Mwezi huu, keti na mama yako au shangazi yako, na kama wamekwisha tangulia mbele ya haki, basi wewe uketi na binti yako. Andikeni miaka, mitaa, na nani alitoka na jahazi gani. Msimulieni mlango uliofungwa, na ule uliofunguliwa pia, hata kama haukufunguliwa kwa ajili yenu. Binti akisikia nusu tu atarithi chuki ya mambo asiyoyajua.

Mwezi ujao, Inshallah, tutarejea kwenye Kiswahili cha watoto wetu.

Wabillahi tawfiq.